Mjadala: Mtafiti wa ulemavu amlipe anayemjibu, au asimlipe?

Magongo wa Birere (mwanzisha mada)

Wenzangu wa Goma, swali langu ni la pesa na sitalizunguka. Mtu mwenye ulemavu akiitwa na watafiti ajibu maswali yao, alipwe au asilipwe?

Mimi nasema alipwe. Nauza yuniti za simu Birere na natembea kwa magongo. Nikiitwa asubuhi, meza yangu inabaki imefungwa, wateja wanahamia kwa jirani na wengine hawarudi. Hapo bado nauli. Motari, yule wa pikipiki ya abiria, akiona magongo anataja bei ya watu wawili. Mwenye kiti cha magurudumu ndiyo usiseme: kiti hakipandi pikipiki, na njia zetu za ndani, hizi za mawe ya volkano, zinamaliza yale magurudumu madogo ya mbele. Basi amefika kwa taabu yake, anaulizwa: "Je, una shida ya kutembea au kupanda ngazi?" Achague: hapana; ndiyo, kidogo; ndiyo, sana; siwezi kabisa. Kisha kuona, kusikia, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Ni maswali sita ya Washington Group, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu, yanatumika nchi nyingi, wala siyapingi. Kongo haijafanya sensa tangu 1984, tutajulikanaje tuko wangapi bila kuulizwa? Ila anayeuliza analipwa, dereva wake analipwa, mkalimani analipwa. Anayejibu anapewa soda.

Fundi wa Plasta

Napinga. Ukiweka pesa mezani, aliye na shida "kidogo" atasema "siwezi kabisa", na hizo takwimu zitamsaidia nani? Halafu tukumbuke pesa yenyewe ni chache, na miguu ya bandia inaihitaji. Mguu wa bandia wa mtoto unabadilishwa kila miezi 6 hadi 12 kwa sababu anakua. Wa mtu mzima unakaa miaka 3 hadi 5. Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka sita, pigeni hesabu wenyewe mpaka afike kumi na minane.

Na msiudharau utafiti. Sisi karakana ya miguu ya bandia tunachukua umbo la kigutu kwa plasta, tunamimina plasta nyingine ndani kupata mfano wake, tunaurekebisha kwa mkono, kisha tunaufunika na polipropilini, aina ya plastiki, iliyotoka kwenye oveni ikiwa laini. Siku ya kwanza mguu unakaa sawasawa, mgonjwa anatembea mbele yetu anacheka. Baadaye kigutu kinapungua, anavaa soksi moja juu ya nyingine kujaza nafasi, ngozi inachubuka, na mwisho mguu unalala chini ya kitanda. Kwetu harudi kusema, anaona haya. Aliyemfuata nyumbani na karatasi yake ya maswali ndiye anaukuta. Mimi nataka maswali hayo yaulizwe hata kesho.

Mama Tumaini, Ndosho

Miye sitajibu mutu bure tena. Balikuya, bakauliza mutoto anakula aje, anajisaidia aje, analala aje. Bakaandika yote, bakapiga na picha, bakaenda. Mupaka leo sijasikia kitu. Hata kama si franga, si barudi tu baseme balipata nini?

Mwanafunzi wa Kine (tiba ya viungo)

Mama, pole sana. Umegusa jambo ambalo hao wawili hapo juu wameliruka.

Kuhusu malipo, miongozo ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba, ya mwaka 2016, ambayo kamati nyingi za maadili ya utafiti huifuata, ina mwongozo wa 13 unaosema wazi: mshiriki arudishiwe gharama kama nauli, tena afidiwe ipasavyo kwa muda wake na usumbufu. Kinachokatazwa ni kiasi kikubwa cha kumfanya mtu akubali kinyume na busara yake mwenyewe. Kwa hiyo, Fundi, kulipa si dhambi. Hofu yako ya watu kujizidishia ulemavu ina dawa: kila aliyefika alipwe kiasi kilekile, awe amejibu "hapana" au "siwezi kabisa". Jibu halitakuwa na bei.

Kuhusu matokeo, Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kifungu cha 31 kinaitaka serikali ikusanye takwimu, izisambaze, na ihakikishe watu wenye ulemavu wanazipata. Hilo ni la serikali, najua, lakini mtafiti naye hana sababu ya kufanya pungufu.

Fundi wa Plasta

Kiasi kilekile kwa wote, sawa, naweza kuishi nacho. Lakini mwanafunzi wa hapa anayeandika kazi yake ya mwisho bila mfadhili, atoe wapi? Mtamfungia mlango, wabaki wageni peke yao wakituandika.

Motari Majengo

Nasikia tunatajwa 😅. Magongo yakiniziba mkono na polisi akanisimamisha, faini analipa nani?

Magongo wa Birere

Motari, wewe tutakutana Birere.

Fundi, mwanafunzi asiye na kitu atufuate tulipo, jioni, meza ikishafungwa. Nitamjibu bila senti, kwa sababu hajanipotezea siku. Ninayemdai ni mwenye gari na bajeti. Na asiseme kulipa ni kugumu kwa kuwa benki zilifungwa Januari 2025: sisi wa yuniti ndio tunaopokea pesa za simu, inafika kabla hajamaliza kufunga daftari. Wala bajeti ya utafiti haikuwa ya miguu tangu mwanzo, usitutishe na polipropilini.

Ila neno la Mama Tumaini nalichukua. Fomu ya ridhaa ninayowekewa nitie sahihi ina mistari mingi kuhusu siri zangu. Iongezwe mmoja: matokeo yatasomwa lini, na katika kartiye gani, yaani mtaa gani.

Mama Tumaini, Ndosho

Na basome mu Kiswahili. Kifaransa yabo baende nayo.