Chanjo ya HPV: wasichana peke yao, au na wavulana nao?

Mama Doto: Wakuu, habari za jioni. Nina mapacha, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, wako darasa la nne. Juzi wahudumu wa afya walifika shuleni kwao. Kulwa karudi na kadi, mkono kaukumbatia utadhani umevunjika. Aliyenuna ni Doto, mtoto ambaye akiona sindano hutoka mbio: "Mbona mimi wameniruka?" Baba yake kamjibu kwamba chanjo ni ya saratani ya mlango wa kizazi, na yeye kizazi hana. Lakini nasoma Australia walianza na wasichana 2007, wakaongeza wavulana 2013, na Uingereza wakafuata 2019. Nimtafutie ya kulipia au niache?

Nesi wa Zamu: Baba Doto kasema nusu. HPV ni kirusi, na ni hichohicho kwa wote; msichana anakipata kwa nani? Mwanaume naye kinampa masundosundo, saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Kwa hiyo Doto ingemfaa. Ila huku kwetu wodini wanaolala kwa ajili ya kirusi hiki ni akina mama. Dozi zikiwa chache, mimi naanza na Kulwa bila kupepesa macho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliomba nchi zisubiri kwanza kuchanja wavulana, maana chanjo ilikuwa haitoshi duniani. Nafuu imekuja na dozi moja badala ya mbili, ambayo WHO iliikubali Desemba 2022. Na wasichana wa Mwanza walikuwa kwenye moja ya tafiti zilizofungua njia hiyo. Tanzania ikahamia dozi moja 2024, miaka 9 hadi 14.

Mhasibu Mstaafu: Wasichana wengi wakichanjwa, kirusi kinakosa pa kupita. Australia masundosundo yalipungua kwa vijana wa kiume kabla wao wenyewe hawajachomwa hata sindano moja. Kwa hiyo palipo na wasichana tisa kati ya kumi waliochanjwa, sindano ya mvulana inaongeza kidogo kwa bei ileile. Wakiwa watano kati ya kumi, hapo wavulana wanaziba pengo kweli. Ila hata hapo ningeuliza kwanza: wale wasichana watano wengine wako wapi? Wengi hawapo shuleni.

Kijana wa Kitui: Wengine wapo, ni wazazi wamewaficha. Kenya tulianza Oktoba 2019, wasichana wa miaka 10, na siku ile shangazi yangu alimbakiza binti nyumbani "anaumwa tumbo". Kisa? Kasikia ni dawa ya kufunga kizazi. Ukiwaita wasichana peke yao, mwenye uvumi umempa mtaji. Cameroon walianza na wasichana 2020, uvumi ukawatesa, 2023 wakaingiza wavulana. Sasa mtu akileta maneno unamuuliza: na huyu mvulana anafungwa nini?

Nesi wa Zamu: Atakujibu "anahasiwa". Kano, Nigeria, mwaka 2003 chanjo ya polio ilisusiwa kwa uvumi huohuo wa kizazi, na polio wanapewa watoto wote. Uvumi hauangalii jinsia, kaka. Shangazi yako anahitaji mtu wa kukaa naye, anywe chai, aulize maswali yake yote hata ya kijinga.

Pili wa Tanga: Mimi niko kando kidogo. Mama Doto, wewe umepima? Chanjo ni ya kabla kirusi hakijaingia; sisi tuliozaa imetupita. Kipimo cha siki ni dakika chache tu: nesi anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, penye walakini panageuka peupe, na mara nyingi wanatibu siku hiyohiyo. Niliona aibu miaka mitatu, nikaja kutumia muda mrefu kuvua viatu kuliko kupimwa.

Mama Doto: Pili, umenikamata, sijapima. Bei niliyotajiwa hospitali binafsi kwa ajili ya Doto ni zaidi ya sare na viatu vya wote wawili, kwa hiyo atasubiri serikali. Alhamisi naenda na dada yangu kwenye siki. Doto kakubali, kwa sharti moja: Kulwa aache kulala na ile kadi chini ya mto.