Mizani imegoma, futi inasema vingine: nishuke hadi kalori 1,200?

Fundi wa Cherehani

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniambia "kula kidogo, tembea sana", maana hilo naambiwa na kila mteja anayekuja kuchukua nguo yake.

Nina miaka 41, urefu sentimita 162. Nilianza na kilo 93, nikashuka vizuri hadi 81, na hapo ndipo mizani ilipogoma. Leo 81.4, kesho 80.7, keshokutwa 81.9, wiki ikiisha tuko palepale. Huu ni mwezi wa pili.

Chakula naandika kwenye programu ya simu, kalori 1,600 kwa siku. Asubuhi mayai, mchana wali kiasi na maharage, jioni samaki au kuku na mboga nyingi. Soda nimeacha. Natembea nusu saa jioni, siku tano za wiki, na hivi karibuni mdogo wangu amenishawishi kunyanyua vyuma. Kazi yenyewe ni ya kukaa, mguu kwenye mashine kutwa nzima.

Kinachonichanganya ni hiki. Mimi napima watu kwa futi kila siku, mkono wangu umezoea. Kiuno changu kilikuwa sentimita 104 mwanzoni, 95 mizani ilipogoma, na sasa ni 93. Sketi niliyojishonea wakati huo inanizunguka kiunoni kama si yangu. Nyonga hazijabadilika.

Rafiki yangu mmoja anasema mwili umeingia "hali ya njaa", hata nikila hewa sitapungua. Mwingine anasema nile zaidi ndipo nipungue. Mimi nafikiria kushuka hadi 1,200, ingawa saa kumi jioni tayari nakuwa na njaa ya kugombana na watu. Nimsikilize nani?

Mzee wa Vyuma

Dada Fundi, futi imeshakujibu, wewe unaing'ang'ania mizani.

Ukianza vyuma, misuli inaumia kidogo na kuvuta maji ili ijirekebishe. Pia inaweka akiba zaidi ya glaikojeni, ambayo ni wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli, na kila gramu yake inakaa na takriban gramu tatu za maji. Kwa hiyo unaweza kupoteza kilo moja ya mafuta na mizani isikuambie kitu kwa wiki kadhaa. Kwa wanawake ongeza maji ya kabla ya hedhi. Usilinganishe leo na jana. Chukua wastani wa wiki nzima, kisha uulinganishe na wastani wa wiki ileile ya mzunguko uliopita.

Hiyo "hali ya njaa" ya rafiki yako, mwambie kati ya 1944 na 1945 wanaume 36 walijitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya Ancel Keys, wakalishwa karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mwili ulibana matumizi, ni kweli, walikuwa wanahisi baridi na uchovu muda wote, lakini haukufunga duka. Hakuna anayekula pungufu ya anachotumia akabaki na mafuta yaleyale daima.

Hesabu Kwanza

Nakubaliana na Mzee kuhusu maji, ila miezi miwili ni mingi kuyasingizia maji peke yake. Ngoja tupige hesabu kwa fomula ya Mifflin na St Jeor ya 1990, ambayo wataalamu wengi wa lishe wanaitumia.

Ulipokuwa na kilo 93, mwili wako ukiwa umelala tu ulihitaji kama kalori 1,577 kwa siku. Kwa kilo 81 ni kama 1,457. Zidisha kwa 1.4 kwa mtu wa kazi ya kukaa anayetembea kidogo: mwanzoni ulitumia karibu 2,200, sasa karibu 2,040. Chakula kilekile cha 1,600 kilikuwa kinakuachia pengo la kalori 600, leo pengo limebaki 440.

Hapo watu wengi huishia na kusema "ndiyo maana umekwama". Hapana. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, kwa hiyo pengo la 440 bado lingekutoa zaidi ya kilo moja na nusu kwa mwezi. Mwendo ungepungua, usingesimama. Tena fomula ni makisio: mwili uliopungua hutumia chini kidogo ya hesabu hiyo, na mtu mwenye njaa hujikuta anakaa zaidi bila kujua. Hata hivyo sidhani kama hayo yanameza 440 zote. Kuna kitu kingine, na mara nyingi kipo jikoni.

Usinikasirikie. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa kwa njia zisizotegemea maneno yao, ilionekana waliandika chakula pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mwili wao ulikuwa unachoma kawaida. Si kwamba walikuwa waongo. Jicho halijui kupima chakula.

Mfano ni huo wali wako. Gramu 100 za mchele mkavu ni kama kalori 360, za wali ulioiva ni kama 130. Ukipima mchele ukiwa mkavu halafu kwenye programu ukachagua "wali", umejipunguzia zaidi ya nusu. Na mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120.

Fundi wa Cherehani

Hesabu Kwanza, sijakasirika, mimi mwenyewe mteja akiniletea vipimo alivyojipima nyumbani sivikubali. Wali naandika ulioiva. Ila mchuzi napika sufuria moja ya watu watano. Mafuta naandika kijiko kimoja kwa sahani yangu, hicho ndicho ninachokisia. Kilichoingia kwenye sahani yangu hasa nitakijuaje?

Hesabu Kwanza

Pima sufuria tupu kwenye mizani ya jikoni uandike uzito wake. Kila kinachoingia kipime, mafuta yakiwa ndani ya chupa: chupa kabla, chupa baada. Ukimaliza kupika, pima sufuria na mchuzi, toa uzito wa sufuria. Mchuzi ukiwa gramu 2,000 na sahani yako gramu 400, umekula sehemu moja ya tano ya kila kitu, mafuta yakiwemo. Inachosha. Fanya wiki mbili tu, jicho lifundishike, kisha uache.

Nimepumzika Kwanza

Mimi sipendi hizi hesabu, niseme ukweli, ila kuna jambo hamjamwambia. Anaweza kusimama kwa makusudi. Watafiti wa Australia walichukua wanaume 51 wenye unene uliopitiliza: kundi moja likabana chakula wiki 16 mfululizo, jingine likabana wiki mbili, likala chakula cha kutosha kushikilia uzito wiki mbili, na kuendelea hivyo. Matokeo yalichapishwa 2017, na waliopumzika walipungua zaidi, kama kilo 14 dhidi ya 9. Lakini ilibidi watumie wiki 30, na walikuwa wanaume watupu, kwa hiyo usiichukue kama dawa. Mimi nilipumzika kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwaza chakula, na njaa ya jioni ikatulia.

1,200 usiiguse, dada. Mtu anayegombana na watu saa kumi jioni akiwa kwenye 1,600, kwenye 1,200 atakula usiku jikoni taa ikiwa imezimwa.

Muuguzi wa Zamu

Dada Fundi, maswali kabla ya ushauri. Kuna dawa unatumia? Nywele zinakatika, unasikia baridi kuliko wenzako, choo kigumu, hedhi imevurugika?

Tangu mwanzo umepoteza karibu asilimia 13. Faida kwa presha na sukari huanza kuonekana hata mtu akipoteza asilimia 5 hadi 10. Kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba hatari imeongezeka sana, kwa hiyo 104 kwenda 93 ni safari kubwa, na hizo tano zilizobaki ningezitaka kuliko kilo tano za mizani.

Fundi wa Cherehani

Hapana kwa hayo ya nywele na baridi. Dawa ipo moja: amitriptyline, kidonge kila usiku, ya kipandauso. Nilianzishiwa wiki chache kabla mizani haijagoma. Kichwa kimetulia sana, nashona hadi jioni bila kufunga dirisha. Kwani inahusika?

Muuguzi wa Zamu

Inaweza. Kuongeza hamu ya kula na uzito ni miongoni mwa athari zake zinazojulikana, ingawa si kwa kila mtu, na dozi ya kipandauso kwa kawaida ni ndogo. Inaweza pia kukufanya mzito wa kujongea asubuhi. Usiiache mwenyewe kwa sababu ya mizani. Kipandauso kikirudi, kutembea kwako jioni kutakwisha na usingizi pia.

Rudi kwa aliyekuandikia, na daftari lako la uzito na viuno, umwambie tarehe uliyoanza. Dawa za kuzuia kipandauso ziko kadhaa. Propranolol nayo inaweza kuongeza uzito kidogo, topiramate huwa inapunguza, lakini hiyo ina madhara yake na ni hatari kwa mimba, kwa hiyo ni mazungumzo ya chumba cha daktari. Ukiwa huko omba kipimo cha damu cha TSH, tezi iliyo shingoni iangaliwe hata kama dalili huna.

Fundi wa Cherehani

Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu dawa, nashukuru sana. Basi 1,600 inabaki, sufuria naanza kuipima kesho, na kliniki nakwenda wiki ijayo. 1,200 nimeitupa.

Mzee wa Vyuma, nanyanyua siku mbili kwa wiki. Niongeze ya tatu?

Mzee wa Vyuma

Mbili zinatosha. Ongeza uzito wa chuma, si siku. Na kila nusu saa inuka kwenye hiyo mashine, hata kama ni kwenda kuchukua uzi.