Mrejesho: Ile ofa ya kazi ya Nairobi

Wakuu, salaam. Niliwauliza kama shilingi 90,000 za Kenya kwa mwezi zinamtosha mhasibu anayehama Dar kwenda Nairobi. Kwanza nilikataa, sasa nimekubali.

Kuna mkuu aliniambia nisikimbilie kubadilisha kwa pesa ya kwetu nikashangilia, nitazame kinachobaki mkononi. Asante sana kaka. Usiku ule nilikaa na kalamu hapa Sinza: NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75, tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, halafu PAYE, yaani kodi ya mshahara, na hiyo ndiyo inayouma. Ikabaki 64,000 na ushei. Nikamwandikia mwajiri kwa adabu, nikamwekea hesabu yote, nikaomba 120,000. Tumekutana kwenye 110,000, na kibali cha kazi kashughulikia yeye. Hilo msikubali kwa mdomo, liandikwe kwenye mkataba.

Kodi ya nyumba nayo imenipa nafuu: mwenye nyumba wa kule kataka mwezi mmoja na dipoziti, wa hapa alinidai miezi 6.

Kibali kimetoka. Jumatatu alfajiri napanda basi stendi ya Magufuli, mpakani Namanga nagonga muhuri. Mama keshanifungia dagaa.