Mnaomwita Embiid pancha, mechi mnaziangalia au mnasoma hesabu tu?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa kikapu, wa Unguja, wa Pemba, na mlioko Bara.

Nimechoka. Kila ikitajwa Philadelphia, timu ya NBA, ile ligi ya kikapu ya Marekani, lazima atokee mtu aseme mchezaji wao Joel Embiid ni pancha, kila siku majeruhi, kazi yake kuvaa suti benchi na kupokea mshahara. Humu ndani mmejaa, na mitaani mmejaa. Juzi jioni pale nje ya uwanja wa Mao watu wazima, wengine wanafundisha watoto kabisa, wamekaa wanacheka goti la mtu, na vijana wetu wamesimama pembeni wanasikiliza kila neno. Nikaona hili la kunyamaza sasa basi.

Nianze na hesabu kwa kuwa ndiyo mnayoishikilia. Alichaguliwa wa tatu kwenye drafti ya 2014, pale timu zinapochagua vijana wapya. Misimu miwili ya mwanzo hakucheza hata mechi moja. Wa tatu mechi 31. Kisha 63, 64, 51, 51, 68, 66, 39, na msimu wa 2024-25 mechi 19. Jumla 452 kwa misimu 11, na msimu wa kawaida una mechi 82. Sibishi hata moja katika hizo. Mwili wake umeumia kuliko wa wachezaji wengi wa daraja lake. Ninachobisha ni hukumu mnayoitoa juu ya hesabu hizo: kwamba ni mlegevu, kwamba anajificha mechi ngumu, kwamba majeraha yake yote ni jeraha moja na lawama yote ni yake. Huo ni uongo, na anayeangalia mechi anajua ni uongo.

Tuchukue uso. Machi 2018 aligongana na Markelle Fultz, mchezaji wa timu yake mwenyewe, mfupa wa tundu la jicho la kushoto ukavunjika. Akapasuliwa, akarudi kucheza mtoano na barakoa. Aprili 2022, mechi ya sita ya mtoano na Toronto, kiwiko cha Pascal Siakam kikamfika usoni, safari hii jicho la kulia, mfupa ukavunjika na ubongo ukatikisika. Sasa mfupa wa uso kuvunjwa na kiwiko cha mtu, hapo upancha uko wapi? Na siku ile timu yake ilikuwa mbele kwa pointi karibu 30, zimebaki kama dakika nne. Mimi lawama nampa aliyemwacha uwanjani wakati mchezo umeshakwisha. Zilipita mechi mbili tu za raundi iliyofuata, na Miami, ya tatu akaingia. Barakoa usoni, na ligamenti ya kidole gumba cha mkono wa kulia imechanika, inasubiri upasuaji. Huyo ndiye mnayesema anakimbia.

Lakini linalonichoma khasa ni Januari 2024, na hapa naomba msome taratibu.

Tarehe 22 aliwatia San Antonio pointi 70, rekodi ya klabu, akaipita 68 ya Wilt Chamberlain. Msimu ule alikuwa anacheza mpira ambao sijui kama mtu wa futi saba amewahi kuucheza. Goti la kushoto lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Tarehe 27 timu iko Denver, kila mtu anasubiri kumwona na Nikola Jokić wa Denver, muda mfupi kabla ya mechi kuanza akatolewa kwa sababu ya goti. Watu walimrarua! Uwanja mzima wa Denver ulikuwa unaimba kuuliza yuko wapi. Watangazaji wakamwita mwoga. Ligi ikaipiga klabu faini ya dola 75,000 kwa kutomweka kwenye orodha ya majeruhi mapema, kosa la ofisi, lakini matusi akala mchezaji. Juu ya hayo msimu uleule ndipo ilipoanza kanuni ya mechi 65: hukuzifikisha, hupati MVP, tuzo ya mchezaji bora wa msimu. Na yeye ndiye aliyekuwa nayo.

Tarehe 30 wakamchezesha na Golden State. Kwetu kulikuwa kumeshakucha, tarehe 31, watu wanajitayarisha kwenda kazini. Tulioiangalia mechi ile tulimwona anavuta mguu. Haruki, hageuki, anasukuma mwili mzima kwa mguu mmoja. Yakhe, hata mtu asiyejua kikapu angesema mtoeni yule. Robo ya nne yuko chini anagombea mpira, Jonathan Kuminga akamwangukia juu ya goti lilelile. Gegedu ya goti ikachanika, upasuaji, miezi miwili nje. Siku tatu nyuma mlimwita mwoga kwa kusema goti linamuuma, na lilipochanika mkamwita pancha. Mlitaka afanye lipi?

Na bado alirudi. Aprili 2, mwezi wa Ramadhani, tunakula daku tunamwangalia anacheza na Oklahoma City. Akaingia mtoano na Knicks uso wake umepooza upande mmoja kwa ugonjwa, mechi ya tatu akatia 50.

Klabu yenyewe mbona hamuigusi? Januari 20, 2017 aliumia goti la kushoto. Tarehe 27 wakamrudisha kwa mechi ya Houston iliyokuwa inaonyeshwa Marekani nzima, akatia 32, na huo ukawa mwisho wa msimu wake. Wakati huo watu wanaambiwa goti limepata mshtuko tu, kumbe gegedu imeshachanika. Novemba 2024 ligi ikawapiga faini nyengine, dola 100,000, kwa maelezo yasiyo ya kweli juu ya afya yake. Hii si klabu ya kuaminiwa ikisema mtu yuko tayari.

Mguu ule wa kulia uliomkalisha misimu miwili ni habari nyengine kabisa. Ni mfupa mdogo uliopo juu ya upinde wa unyayo, damu inayoufikia ni kidogo, ukipata ufa unachukua muda mrefu kuunga. Ni mfupa uliowatesa watu warefu kabla yake, Bill Walton mmoja wao, na Yao Ming miguu ilimlazimisha kuacha mpira 2011 akiwa na miaka 30. Embiid alikulia Yaoundé akicheza wavu, kikapu kakianza yuko kwenye miaka 15, 2011 Luc Mbah a Moute, Mkamerun mwenzake aliyekuwa NBA, akamwona kambini, 2014 yuko kwenye drafti. Miaka mitatu. Mwili wa futi saba ukabebeshwa mzigo wote ule kwa miaka mitatu, na kabla ya drafti mgongo na mguu vilikuwa vimeshapata ufa. Alipasuliwa mara mbili mguu ule. Na Oktoba 2014, bado hawezi kucheza, yuko peke yake Marekani, akapigiwa simu kwamba mdogo wake Arthur amekufa kwa ajali ya gari huko Kamerun. Mtoto wake wa kiume kampa jina hilo. Miaka kumi baadaye mwandishi mmoja wa Philadelphia akamwingiza marehemu na mtoto katika makala ya kumsema kwa kutocheza. Embiid akamsukuma, akafungiwa mechi tatu. Kumsukuma alikosa. Ila na nyinyi jiulizeni maneno yenu yanafika wapi.

Magoti, hapo mna hoja, na sitaikwepa. La kushoto limepasuliwa mara tatu: 2017, 2024, na Aprili 2025. La kulia lilichanika gegedu 2021, likaumia ligamenti 2023 katikati ya mtoano. Gegedu ni kama bushi ya gari, ikishaliwa hairudi, chuma kinasaga chuma. Mimi sitegemei kumwona tena Embiid wa msimu wa MVP, ule wa pointi 33.1 kwa mechi, na inaniuma kuliandika hili. Na ndiyo, miaka ya mwanzo kula yake haikuwa ya mwanamichezo, hilo linajulikana. Na Paris 2024 pengine angepumzika badala ya kwenda kutafuta dhahabu na Marekani. Mtu akinijengea hoja hiyo kwa adabu nitamsikiliza mpaka usiku. Kidole cha 2020, kile kiliteguka uwanjani, ligamenti ikachanika, akapasuliwa, wala tusipoteze muda nacho.

Sasa kwa nini mtu wa Kikwajuni agombane kwa ajili ya mtu wa Philadelphia? Kwa sababu haya maneno yenu hayabaki kwenye simu.

Kuna kijana hapa mjini, miaka 17, mrefu, mikono laini, miongoni mwa sentá, wale warefu wa chini ya kikapu, wazuri niliowaona wakikua hapa Unguja. Kwenye mazoezi alishuka na ribaundi, mpira uliokosa kikapu, akakanyaga kiatu cha mwenziwe. Kifundo kikapinda kwa ndani, sisi tuliokuwa ukingoni tuliusikia ule mlio. Alipovua kiatu, soksi ilikuwa imemkaza mpaka imemwachia alama, na chini ya fundo la nje kumeshapanda uvimbe, ngozi inang'aa. Kiatu chenyewe cha mtumba, soli imeshalainika, na sakafu ni saruji. Kocha wake alimwambia nini? "Usiwe Embiid, inuka." Wote wakacheka. Kijana akacheka na yeye. Akafungwa bandeji juu ya uvimbe, akarudi kucheza. Usiku akapelekwa kuchuliwa kwa mafuta ya moto, kifundo bado kibichi, akachuliwa mpaka analia. Wiki ile ile wakamchezesha mechi. Hakusema kinauma. Atasemaje, na jina ameshapewa?

Barafu ya mfuko inauzwa nyumba yoyote hapa mjini. Ungemkalisha, ungeuinua mguu, ungeweka barafu ndani ya kitambaa, asubuhi ukampeleka akapigwa picha ujue kama kuna mfupa uliopata ufa. Hayo yote hayafiki bei ya jezi moja ya timu. Picha ile kapigwa baadae sana, baada ya kushindwa kuruka kabisa, na ufa ulikuwepo. Sasa hivi anakaa mezani anaandika pointi za wenzake.

Huyu mtoto hana daktari wa klabu, wala mkataba utakaomlipa akiwa amekaa. Tanzania nzima aliyefika NBA ni Hasheem Thabeet, 2009, na yeye alianza mpira kachelewa kama Embiid. Tukimpata mwengine mrefu mwenye kipaji, tutamvunja wenyewe hapahapa kwa kumcheka kila akigusa goti.

Kwa hiyo naomba, na nasema kwa ukali kwa makusudi: mnaofundisha watoto, iwe Mao, iwe Gombani, iwe skuli, msimtaje Embiid mbele ya mtoto anayeumwa. Mtoto akisema panauma, anatoka. Mechi ya mtaani haina kombe la thamani ya kifundo cha mtu. Na mnaobishana humu, leteni mechi na tarehe. Mseme siku gani alikuwa mzima akakataa kucheza.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Kaka uliyeniletea LeBron James, LeBron ni LeBron, kufika miaka 40 unacheza dakika zile hakujawahi kuwa kipimo cha mtu mwengine yeyote, na mwili wake haubebi kilo za Embiid chini ya kikapu kila mpira. Uliyeleta habari ya mkataba wa dola milioni 193, ule wa Septemba 2024, aliyeusaini kwa upande wa pili ni klabu, ina picha zote za goti lile na madaktari wa kuzisoma. Wakadaiane wenyewe. Kakuibia wewe nini?

Shangazi uliyeuliza kama kijana amepata tiba, ndiyo, sasa anahudhuria mazoezi ya viungo, na nimekuandikia pembeni, ahsante sana kwa moyo wako.

Na wewe uliyeandika kwamba vijana wa siku hizi ni laini, zamani mlikuwa mnacheza na vidole vimevunjika: najua wewe ni nani na najua unafundisha timu ipi, kwa hiyo nitakwambia hapa hapa mbele ya watu. Kijana ni wako. Wewe ndiye uliyemfunga ile bandeji. Nyumbani kwao hujafika mpaka leo, na mama yake amekuulizia.