Mke kapima kliniki hana ngoma, na mimi bado natakiwa kupima?

Mpiga Kasia:
Wakuu habari. Mke wangu mjamzito, alivyoanza kliniki aliambiwa aje na mwenza, mi nilikuwa kazini, akapimwa ukimwi peke yake, yuko safi. Sasa kila akirudi nesi anamuuliza mumeo yuko wapi. Mi naona kama yeye hana basi na mimi sina, tunalala kitanda kimoja miaka yote hii, nikapange foleni na wajawazito ya nini? Halafu si wanasema kupima ni hiari? Mliooa mlifanyaje?

Kobe wa Pwani:
Majibu ya mkeo ni ya mkeo mkuu. Mmoja anaweza kuwa nao mwenzie hana, hata miaka, mbona wapo wengi tu. Na huko hawacheki ngoma peke yake, kuna kaswende pia, ile inaua mtoto tumboni wakati tiba yake ni sindano ya penisilini tu.

Mama Kijacho:
Hiari ipo kwenye bango 😂 mwanamke akienda bila mume anaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Kwetu wadada walikuwa wanamlipa bodaboda ajifanye baba mtoto, yaani yule kaka anajua afya yake kuliko waume wote wa mtaa. Ila mi nadhani wanaume hawaogopi ugonjwa, wanaogopa kuonekana, ukitoka kile chumba ukamkuta jirani kwenye benchi basi kabla hujafika nyumbani mtaa umeshakupa majibu.

Nesi Mstaafu:
Mama Kijacho kasema kweli. 2007 Kikwete na mama Salma walipima hadharani pale Mnazi Mmoja na watu wengi wakafuata, lakini rais hana jirani wa kumuuliza alikuwa anatafuta nini pale. Mpiga Kasia, kama unaona aibu sheria ilibadilishwa 2019 unaruhusiwa kujipima mwenyewe, kuna kipimo cha mate unapitisha kwenye fizi unasubiri dakika 20, kikionyesha unao hayo sio majibu ya mwisho, unaenda kituoni wanapima damu. Na elewa kwa nini nesi anakusumbua. Mkeo akiupata sasa hivi akiwa na mimba au akinyonyesha, virusi vinakuwa vingi sana mwilini mwanzoni na yeye anajua yuko safi kwa sababu kadi inasema hivyo, mtoto huyo yuko hatarini kuliko wa mama aliyejijua mapema akawa anameza dawa zake. Kwa hiyo kadi yake kuwa safi ndio sababu ya wewe kwenda.

Mpiga Kasia:
Dah hapo kwenye mtoto sikuwahi kupafikiria. Sasa nikijipima kwa hicho cha mate nikampa mke akipeleke, si nesi ataandika tu kwenye kadi?

Nesi Mstaafu:
Haandiki, utatobolewa kidole palepale na majibu unaondoka nayo. Na nenda na mkeo, vituo vingi wanaokuja wawili wanapitishwa mwanzo, hiyo foleni unayoiogopa hata hutaikaa.