Wakuu naombeni ushauri: nina biashara ya mboji California, mkaguzi kaja, nijaze fomu ipi?

Mtoto wa Ifunda (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niko California, bonde la kati huku, kaunti naomba nisiitaje. Nimekodi ekari tano kwa mzee mmoja, natengeneza mboji na kuwauzia wenye bustani. Wiki iliyopita kaja dada wa kaunti, kazunguka marundo yote, kapiga picha, kaniachia karatasi inayotaka nioneshe kibali au nieleze niko daraja gani. Kanuni zao nimesoma mpaka macho yanauma. Kuna daraja la wasiohitaji kitu, kuna la kutoa taarifa tu, kuna usajili, kuna kibali kamili. Malighafi yangu mimi ni mabaki ya mimea. Nauliza hivi: nikijaza ile ya kutoa taarifa tu, si inatosha? Usingizi umepotea, na mama watoto naye kila jioni anauliza imefikia wapi. Wajuzi mje, matusi hapana.

Kigoda
Nimekaa paleee.

Bwana Funza
Mkuu, mboji inachukua miezi, utazeeka unageuza marundo. Fuga funza wa BSF, wale wa nzi weusi wanaokula taka. Mimi niko Kibaha, taka za sokoni wanazimaliza chap, wakinenepa wafuga kuku wananigombania. Hamna mkaguzi, hamna karatasi.

Baba Nasra
Hamna karatasi kwa sababu hawajakufikia bado. Mimi nilitaka kufungua kituo cha kusaga chupa za plastiki hapa Dar. Cheti cha mazingira cha NEMC kwa Sheria ya 2004, leseni ya manispaa, na kabla ya yote unatafuta mshauri akuandikie tathmini. Mshauri niliyempata akataja bei inayozidi ya mashine yenyewe. Mashine iko stoo kwa shemeji mpaka leo, kuku wanatagia juu yake.

Mama Wawili
Kaka Ifunda, mimi niko California pia, nimeshika makaratasi ya kituo cha mboji. Jibu linategemea mambo mawili: unapokea nini, na kuna kiasi gani hapo uwanjani kwa wakati mmoja. Majani na matawi matupu yasiyozidi yadi 12,500 za ujazo, unatoa taarifa kwa LEA, yaani wale wasimamizi wa hapo ulipo wanaotekeleza kanuni za CalRecycle, idara ya taka ya jimbo. Mabaki ya chakula cha mimea, kiasi hicho hicho, ni usajili. Chakula kingine chochote, kibali kamili. Sasa hayo "mabaki ya mimea" ni majani ya bustani au ni chakula?

Mtoto wa Ifunda
Asante sana dada. Ni mimea. Maganda, mboga, matunda. Na matawi.

Otieno wa Umoja
Boss, sisi Kenya tuna sheria ya 2022 inasema kila nyumba itenganishe taka zinazooza na zisizooza. Mimi natenganisha vizuri sana, ndoo mbili, na vibandiko nimeweka. Gari likikuja linamwaga zote pamoja nikiangalia. Pole lakini.

Mama Wawili
Maganda ya wapi, kaka?

Sheikh wa Makadara
Kijana, ukiwa kwenye nchi ya watu shika adabu za watu. Wewe ni mgeni, umepewa riziki, unatafuta njia ya mkato ya nini? Nenda kwa huyo mkaguzi na ulimi mzuri, mweleze ukweli wote. Haki haimtupi mtu.

Mtoto wa Ifunda
Sheikh, ulimi mzuri ninao, ila kanuni zao hazina masikio.
Dada, ni ya migahawa. Wakuu mnielewe kwanza. Tangu kanuni za SB 1383, sheria ya jimbo ya taka zinazooza, zianze kufanya kazi Januari 2022, jimbo halitaki mabaki ya chakula yaende dampo, yanatoa gesi ya methani. Migahawa ikawa inahangaika na mimi nikaona fursa. Wananilipa kwa pipa, nafuu kuliko makampuni makubwa. Mikataba ya mwaka tumeshasaini, lori dogo nimeshalikopea. Kwa hiyo ushauri wa kuacha msilete. Nyama siyo nyingi, wanajitahidi kuichambua.

Kigoda
"Nyama siyo nyingi" 😂😂 Mimea ya California ina mifupa.

Mama Wawili
Ungeanza na hiyo. Kanuni ya chakula cha mimea inakubali hata kilichopikwa, lakini kisiwe kimeongezwa chumvi, mafuta wala vihifadhi. Viazi vya kukaanga vimeshatoka kundini, achilia mbali nyama. Kwa hiyo fomu unayoitaka siyo yako, na ukiijaza utakuwa umeandika uongo na kuuwekea sahihi.
Kibali kamili siyo karatasi ya siku moja. Unahitaji idhini ya matumizi ya ardhi, tathmini chini ya CEQA, sheria ya mazingira ya jimbo ya 1970, mpango wa maandishi wa kudhibiti harufu, halafu watu wa maji na watu wa hewa nao wana yao. Rundo la kugeuza lazima likae nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi kwa siku 15 na ligeuzwe mara 5 ndani ya siku hizo, rekodi ziwepo. Mboji inapimwa maabara kama ina salmonela na bakteria wa kinyesi, na vipande vya plastiki, kioo na chuma visizidi asilimia 0.5 ya uzito mkavu. Ukishafikia kiwango cha kuripoti, kuna sheria ya jimbo AB 901 ya 2015: kila robo mwaka unaingia RDRS, mfumo wa jimbo wa kuripoti, unasema tani ngapi umepokea, ngapi zimetoka na zimekwenda wapi.
Jingine: miji mingi huku imempa kampuni moja tu haki ya kubeba taka kwa malipo. Hilo lori lako limeruhusiwa na mji?

Mtoto wa Ifunda
Joto napima kila asubuhi, 60 linafika. Kugeuza nageuza. La lori nitaliuliza. Lakini huyu jirani aliyenishtaki ana ng'ombe mamia, harufu yake mbona haiandikiwi karatasi?

Baba Nasra
Ahaa, kumbe kuna jirani. Nikajua tu mkaguzi hadondoki kutoka mbinguni.

Mama Wawili
Ng'ombe wake wanatoa samadi hapo hapo shambani na inarudi shambani hapo hapo, kanuni zinaitazama kivingine. Wewe unaleta taka za mjini na unalipwa kuzipokea.

Shahidi wa Macho
Wazee mnakunywa chai hapa bila kujijua. Huyu mleta mada mwaka jana alikuwa na uzi anatafuta fremu Kariakoo ya kuuza vitenge. Leo ana ekari tano na lori California? Mwanafunzi huyu, kapewa kazi ya darasani kuhusu taka, anataka dada wa watu amwandikie.

Kigoda
Chai ya tangawizi. Weka picha ya rundo.

Bwana Funza
Na mimi nilishangaa, mtu wa mboji asiyejua funza!

Mtoto wa Ifunda
Fremu ilikuwa ya mdogo wangu, alikuwa anatumia akaunti yangu. Picha siweki, mkaguzi anazo za kutosha.

Shahidi wa Macho
Mdogo wangu, mdogo wangu. Sawa.

Mama Wawili
Mwanafunzi angeshachukua majibu akaondoka, asingekaa kunitetea nyama. Na hata kama ni chai, wapo wengine huku watakaosoma. Kaka, hujanijibu: una yadi ngapi pale?

Mtoto wa Ifunda
Kama mia nne hivi. Siyo zote zimeiva.

Mama Wawili
Iliyoiva na mbichi zote zinahesabiwa. Lakini mlango upo. Usipozidi yadi 100 za ujazo, kama meta za ujazo 76, na eneo lisizidi futi 750 za mraba, vyote viwili kwa pamoja, unaingia daraja la wasiohitaji kibali, hata chakula cha mgahawani kikiwemo. Uza iliyoiva haraka, ziada peleka kwenye kituo chenye kibali, mpigie mkaguzi kabla hajakupigia na umwoneshe ratiba ya kupunguza. La lori linabaki palepale.

Mtoto wa Ifunda
Yadi 100 dada, mkopo nitalipa na nini? Lakini sawa, Jumatatu nampigia. Nitaachana na migahawa ya nyama. Huyu wa samaki nitabaki naye mpaka mwezi uishe, kalipa kabisa.

Mama Wawili
Samaki? Samaki hukuwataja, kaka.

Bwana Funza
Samaki funza wanakula. Nicheki PM.