Msaada: Kinjeketile na Peponi, msimamizi amegoma. Nirekebishe wapi?

Mwanagenzi:
Habari wakuu. Natakiwa kuandika kazi ya fasihi linganishi, maneno 4,000, kwa nadharia ya Baada-Ukoloni. Vitabu: Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji, na Peponi, tafsiri ya riwaya Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah. Vyote viko enzi ya Wajerumani. Dhamira niliyoweka ni "athari za ukoloni", nadharia nimemtumia Frantz Fanon, mwanafikra aliyeandika juu ya ukoloni na ukombozi. Pendekezo limerudi na maneno mawili pembeni: "Pana mno." Halafu chini: "Fanon wa nini hapa?" Pia, Peponi inatosha au lazima nisome cha Kiingereza?

Kalamu Kavu:
Msimamizi yuko sahihi, usimnunie. "Athari za ukoloni" ingetosha kwa kitabu chochote cha Afrika, kwa hiyo haikusaidii kwa hivi viwili.

Tazama vinapotofautiana. Kwa Hussein, Mjerumani yupo jukwaani na viboko vyake, watu wanalimishwa shamba la Bwana Kinoo. Kwa Gurnah, karibu kitabu kizima Wazungu ni uvumi tu, watu wanasimuliana kwamba wanakula chuma. Kinachomfunga Yusuf, mhusika mkuu, ni deni: baba yake ameshindwa kumlipa tajiri Aziz, mtoto anachukuliwa akiwa katika mwaka wake wa 12, awe rehani. Kisha linganisha miisho. Kwa Hussein watu wanakunywa maji ya dawa, wakiamini risasi hazitawadhuru, ili wapigane na askari. Kwa Gurnah Yusuf anawakimbilia askari wa Mjerumani kwa miguu yake. Kwa nini? Hilo ndilo swali lako la utafiti, na linajibika kwa maneno 4,000.

Fanon aliyekuponza nadhani ni yule wa sura ya tabaka linalorithi dola baada ya uhuru. Huyo mpeleke kwa A Man of the People ya Achebe (1966) au Petals of Blood ya Ngũgĩ (1977). Hapa hana kazi.

Mzee wa Maktaba:
Kalamu Kavu, hapo kwa Fanon umefyeka na mazao. Kuna miaka miwili ya kuangalia: mwaka wa kisa na mwaka wa kuandikwa. Vita vya Maji Maji ni 1905 hadi 1907, lakini tamthilia imetoka 1969, miaka minane baada ya uhuru na miwili baada ya Azimio la Arusha. Ugomvi wa Wamatumbi, Warufiji na Wazaramo mle ndani unasomeka pia kama swali la taifa changa. Aya moja ya Fanon kuhusu umoja katika mapambano inakaa vizuri. Sura nzima, hapana.

Mleta mada, kuna uzi mwingine unaopitwa na wengi. Rudi pale Kinjeketile, nabii wa tamthilia, anapopandwa na pepo Hongo. Ujumbe unasema watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye akili ikimrudia anashtuka: kumtoa Mjerumani ili kumpata Sultani wa Unguja? Sasa fungua Peponi: Aziz anaitwa nani na watu wake? Seyyid. Vitabu vyote viwili vina bwana wa tatu ambaye si Mzungu wala mwanakijiji. Jenga hoja yako juu ya huyo.

Bint Mrima:
La lugha. Peponi (Mkuki na Nyota, 2022, mfasiri Ida Hadjivayanis) inatosha ukichambua visa na wahusika. Ukigusa mtindo, lazima Paradise iwe mezani. Gurnah ameacha maneno kama "kifa urongo" na "seyyid" ndani ya Kiingereza, yanasimama kama wageni mlangoni. Yakifika kwenye Kiswahili yanakuwa wenyeji, hushtuki tena. Mwanafunzi anayesema "mwandishi anachanganya lugha kuonyesha utambulisho" huku ameshika tafsiri anakosea ushahidi. Kinjeketile haina shida hiyo, imeandikwa kwa Kiswahili, na Kiingereza chake Hussein alikitafsiri mwenyewe.

Jambo jingine: wahakiki wengi wa nje wanaiona safari ya Yusuf kwenda bara wanakimbilia Joseph Conrad na riwaya yake ya safari ya Kongo, Heart of Darkness. Sawa, lakini anza na Sura ya 12 ya Qurani. Kijana Yusuf, bwana Aziz, mke wa bwana anayemtaka, kanzu inayochanwa kwa nyuma. Msomaji wa pwani anaujua mwisho wa kile kisa, Yusuf anapewa cheo. Wa Gurnah hapewi kitu. Kukatwa huko kwa matarajio ndiyo uhakiki wenyewe.

Mwanagenzi:
Aisee, asanteni. Mgawanyo wa maneno je? Nadharia peke yake nilikuwa nimefikisha kurasa sita.

Kalamu Kavu:
Ndipo zinapofia kazi nyingi: nadharia kurasa sita, halafu kwenye uchambuzi haionekani tena. Utangulizi 400, nadharia 500, uchambuzi 2,700, hitimisho 400. Dondoo sita kila kitabu, fupi, na kila dondoo uifanyie kazi kwa sentensi tatu au nne kabla ya kuhama. Usipange "kitabu cha kwanza, kitabu cha pili". Panga kwa hoja, vitabu vikutane ndani ya aya moja.

Mzee, nakubali aya moja ya Fanon. Moja tu.

Mzee wa Maktaba:
Moja inatosha. Na ile sehemu ya Hongo isome kwa sauti, ni tamthilia ile.